Dadu Zilizolazwa

Kituoni walimwita Kijiko, kwa sababu jambo ambalo wapelelezi wenzake wangelimeza kwa mkupuo mmoja, yeye hulikoroga kwanza mpaka lipoe. Kwa hiyo ilipoletwa ripoti ya kuibwa kwa mji usiokuwepo duniani, mkuu wa kituo hakuumiza kichwa kuchagua mtu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akalisukuma jalada mbele ya Inspekta Kijiko.

"Umeibwa mji mzima," alisema. "Nenda ukaurudishe kabla raia wake hawajaja kutusumbua hapa."

Kijiko hakucheka. Alikuwa ameshaliona jina la mlalamikaji, na jina hilo alilifahamu tangu bwenini, enzi ambazo yeye na wenzake waligombania kitabu kimoja cha mtu huyo, cha fotokopi, kisicho na jalada, kurasa zimelegea kama meno ya bibi. Alichukua jalada, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Aliyemfungulia mlango alikuwa binti wa mlalamikaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba.

"Karibu, Afande. Baba yuko juu. Pole na ngazi zetu, zimesimama hizo."

Kweli zilikuwa zimesimama. Kijiko alifika juu akihema, akaingia chumbani, na salamu aliyokuwa ameiandaa ikampotea. Meza ilikuwa imejaza chumba kizima, watu wameachiwa njia ya kupita kiubavu. Juu ya meza palikuwa na nchi: milima ya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, misitu ya sifongo zilizopakwa rangi, madaraja ya njiti za kiberiti. Hii ndiyo Ng'ambo ya Ukungu. Kijiko aliwahi kuipigania, kuikimbia na kufia humo mara kadhaa, yote akiwa amekaa kitako juu ya kitanda cha bweni, na leo ndiyo kwanza anaiona.

Upande wa kaskazini palikuwa na shimo la mraba. Nchi ilikuwa imeundwa kwa mbao zilizopangwa zikashikana, na ubao mmoja ulikuwa umechomolewa.

"Umenyamaza," ilisema sauti kutoka dirishani. "Wanaonyamaza hapo mlangoni ni wale waliowahi kucheza. Wengine huniuliza meza iliingiaje."

Mzee alikuwa kwenye kiti chenye mikono, blanketi magotini, uso ameuelekeza kwenye mwanga ambao macho yake hayakuuona tena.

"Shikamoo, Mzee. Ni kweli, nilicheza shuleni."

"Marahaba. Ulikuwa nani?"

Kijiko alisita kidogo. "Mwizi wa farasi."

Mzee alicheka kwa nguvu mpaka kikohozi kikamshika, na binti akaja mbio kumshika bega. "Baba, moyo jamani. Jumatatu unapasuliwa, usianze kujipasua mwenyewe leo."

Kwa asiyeujua, mchezo ule hauna mshindi. Mtu mmoja husimulia, wengine kila mmoja hubeba mhusika wake, na linapotokea jambo la hatari, kuvuka mto au kumdanganya mfalme, dadu ndiyo huamua. Mzee aliubuni akiwa kijana wa kuchora ramani za mabomba katika idara ya maji. Ramani zilizoharibika alizigeuza, akachora nchi yake upande wa nyuma wa karatasi, na kwa kuwa mkono ulishazoea mabomba, mito ya Ng'ambo ya Ukungu mpaka leo inapinda kwa kona ambazo mto wa kweli hauthubutu. Wachapishaji walimwambia watu wazima hawachezi. Akaurudufisha mwenyewe, akautia kwenye sanduku la nguo, akawa anauuza shule hadi shule, walinzi wakimfukuza getini na wanafunzi wakimfuata kwa nyuma. Baadaye akaanza kuandika riwaya za yale yaliyotokea mezani, na riwaya zikafika ambako sanduku halikufika. Zilipanga mstari ukutani, jalada kwa jalada, za mwanzo zimefifia rangi. Kijiko alizitazama moja baada ya nyingine. Jalada la kitabu chake cha bwenini lilikuwa la bluu, kumbe, na miaka yote hiyo hakulijua.

"Tuanze na kitasa," alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Kitasa cha mlango wa nje hakikuwa na mkwaruzo. Dirisha lilifungwa kwa ndani. Mwizi alikuwa ameingia kwa ufunguo, Jumanne asubuhi, baba na binti wakiwa kliniki ya moyo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili, wangu na wa baba," binti alijibu. "Ila kitasa chenyewe ni cha zamani. Nimemwomba akibadilishe tangu sijaolewa. Hataki hata kusikia."

"Kinafunga, kinafungua," Mzee alisema. "Mnataka kiimbe?"

"Nani alijua kwamba Jumanne hamtakuwepo?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nchi nzima, Afande. Nilihojiwa redioni wiki iliyopita kuhusu kitabu cha mwisho. Nilimwaga mtama wote. Nikasema kila Jumanne tunakwenda kliniki, nikasema baba anakimbizana na siku ya upasuaji, nikasema hata mwisho wa kitabu."

"Kinaishaje?"

"Mji wa Taa unaungua."

Kijiko aliugeukia ule mraba mtupu. Mji wa Taa ndio ulioibwa: bandari, mnara na nyumba ndogo za vilimani. Mwizi alikuwa ameacha jumba la mfalme lenye paa la dhahabu ya karatasi, ameacha joka la shaba ambalo mkusanyaji yeyote angelichukua kwanza.

"Samahani, Mzee," alisema. "Kwa nini msiendelee na kitabu? Mji si mnaukumbuka?"

"Mwambie," Mzee alimwambia bintiye.

"Tangu macho yalipokwisha, baba anasimulia kwa vidole. Anapapasa njia, anafika mahali, anasema kilichopo, mimi naandika. Na meza hii ina sheria moja kubwa kuliko zote, ipo kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo. Kama kitu hakipo mezani, hakipo. Huwezi kukiingia, huwezi kukitaja."

"Wala kukichoma," Kijiko alisema polepole.

"Wala kukichoma. Tumekwama sura mbili kabla ya mwisho. Daktari hajatuficha, Afande. Anaweza asitoke kwenye chumba kile. Anataka amalize kabla ya Jumatatu, na mimi nataka hivyo hivyo."

Mkono wa Mzee ulikuwa umeteleza kwenye ukingo wa meza, ukafika kwenye safu ya dadu zilizopangwa pembeni mwa shimo. Alizigusa moja moja, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayehesabu watoto waliolala.

"Hizo ziliwekwa hapo na nani?"

"Mwizi," alisema binti. "Kwa kawaida zinakaa kwenye sinia la mbao, na sinia huwa juu ya bahari ya Mji wa Taa. Ilibidi alitoe ndiyo aupate ubao. Nilitaka kuzirudisha, baba akaniambia nikizigusa atanilaani."

Kijiko aliinama. Zilikuwa dadu za mfupa, vidoto vimechimbwa ndani. Safu ilikuwa imenyooka, na kila dadu ilionyesha moja. Dadu zikimwagwa haziwezi kukubaliana hivyo. Mtu mwenye haraka, mwenye mali ya wizi mkononi, alikuwa amesimama hapa akazigeuza moja baada ya nyingine.

"Kuna maana gani?"

"Tunazilaza," binti alisema. "Mchezo ukiisha, kabla mtu hajainuka, dadu zote zinageuzwa zikalala sawa ili bahati ipumzike. Ni mazoea ya meza hii tu. Hayakuandikwa kwenye kitabu."

Kwa hiyo aliyeiba aliwahi kukaa kwenye meza hii, tena aliikalia miaka mingi kiasi kwamba mkono wake haukuweza kuondoka na dadu ziko macho. Kijiko alihisi ule mchangamko wa zamani, wa mwizi wa farasi aliyeona kamba imelegea.

Ukutani palikuwa na picha: vijana kadhaa wakizunguka meza hii hii ilipokuwa bado ndogo. Katikati yao alisimama msichana mwenye aproni yenye madoa ya rangi, mdomo wazi, anacheka.

"Hawa ni akina nani, Mzee?"

"Watu wa zamani."

"Wengi wametutoka," binti alisema. "Mama, huyo wa pembeni. Huyu mwenye tai ni daktari wa meno, bado anakuja kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyetaka meza ipelekwe makumbusho. Waligombana na baba mpaka majirani wakasikia."

"Aligombana na mimi kwa sababu hajui kushindwa," Mzee alisema. "Afande, nikuombe kitu. Ukimpata mwizi, usimkimbize kwenye ngazi."

"Sina tabia hiyo, Mzee," Kijiko alisema, akidhani anaombwa adabu tu, akaondoka.

Zahanati ya daktari wa meno ilikuwa mtaa wa pili. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumtuliza mtu aliyefungua mdomo. Alipoulizwa alikuwa wapi Jumanne asubuhi, upole ulimtoka.

"Nilifunga. Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Binafsi."

"Daktari, mji umeibwa. Aliyeiba ni mtu wa meza ile, na wewe ulitaka meza iondoke pale. Ukinipiga chenga itabidi tuzungumzie kituoni."

Daktari alikwenda kuufunga mlango wa chumba cha kusubiria, akarudi akanong'ona. "Nilikuwa kwa mwenzangu, upande wa pili wa mji. Ning'olewe jino."

"Wewe?"

"Nililia, Afande. Ukimwambia mgonjwa wangu hata mmoja, nimekwisha." Alivuta shavu kuonyesha pengo. Lilikuwa bichi kabisa.

Kijiko alikuwa amekwisha kumwamini, lakini kukoroga ni kukoroga. Alitoa mfukoni dadu kadhaa alizonunua dukani njiani, akazimwaga kwenye sinia la vifaa, zikagonga koleo na vioo vidogo. Akaendelea kuuliza mambo mengine, ya makumbusho, ya Jumamosi, ya afya ya Mzee. Daktari alijibu vizuri tu, na alipokuwa akijibu, mkono wake ulizikusanya zile dadu, ukazipanga, ukazigeuza. Alipomaliza zote zilionyesha sita.

"Hivi ndivyo mnavyozilaza?"

Daktari alitazama mkono wake akashangaa. "Eh! Mazoea hayo. Ndiyo, sita juu."

"Mwizi alizilaza moja juu."

Daktari wa meno alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alipoanza kusema sauti ilikuwa imebadilika.

"Moja ilikuwa zamani. Mwanzoni kabisa. Bahati imelala chini, imejifunika, ndivyo alivyokuwa akisema. Fundi huyo. Yule msichana wa aproni kwenye picha. Kulaza dadu kulikuwa kwake, milima ilikuwa yake, kila unachokiona pale mezani amekifinyanga yeye. Mzee alichora, Fundi akajenga."

"Ikawaje?"

"Fundi alikuwa na mhusika wake, Mlinzi wa Taa. Mama mmoja wa Mji wa Taa, kila jioni anawasha taa mlangoni ili mabaharia waione njia."

"Namkumbuka," Kijiko alisema. Alimkumbuka mno. Bweni zima lilimlilia, na mvulana aliyekuwa akisoma kwa sauti alishindwa, ikabidi mwingine ampokee.

"Basi Fundi alimfinyanga sawasawa na mama yake mzazi, ambaye walikuwa wametoka kumzika. Sauti ya mama yake, kanga ya mama yake, mzaha wa mama yake. Halafu jioni moja maharamia wakaingia bandarini. Mlinzi wa Taa akakataa kuzima taa. Nne na kuendelea, anapona. Fundi akarusha, ikaanguka tatu." Daktari alisugua magoti yake. "Akasema, turudie. Mara hii moja tu, turudie. Mzee akakataa. Yule bwana hajawahi kupindisha dadu, Afande, hata mhusika wa mkewe alimzamisha kisimani katika kitabu cha pili. Alisema tukipindisha moja, zote zinakuwa uongo. Fundi akavua aproni, akaiweka kitini, akashuka ngazi. Mzee akaandika kifo kile, na kitabu kile ndicho kilichomtoa akajulikana. Wiki iliyofuata alituambia kuanzia leo dadu zinalala sita juu, na jina la Fundi lisitajwe mezani."

"Yuko hai?"

"Yuko nyuma ya soko la nguo. Anatengeneza masanamu ya madirisha ya maduka. Huwa napita, namwona kwa kioo. Sijawahi kuingia." Alifuta macho kwa aproni yake mwenyewe. "Hatukuwa watu wema sana, tulivyomwacha hivyo."

Karakana ya Fundi ilijaa watu wasio na vichwa. Walisimama kwa safu, wengine hawana mikono, na katikati yao mwanamke mwenye mvi fupi alikuwa akipiga msasa bega la mmoja wao. Alipomwona mgeni aliinuka kwa kushikilia meza, akachechemea hatua chache.

"Kama ni sanamu la duka la viatu, nimeshawaambia kesho."

"Ni mji, Mama," Kijiko alisema. "Nimekuja kuchukua mji."

Fundi aliuweka msasa chini. Hakubabaika, hakujitetea. Alifunua shuka lililokuwa juu ya meza ya nyuma, na Mji wa Taa ukawa pale: bandari, mnara, ngazi nyembamba za mawe ya kokoto, na juu ya kilima nyumba moja yenye ushanga wa njano mlangoni. Gati lililokuwa limevunjika, kwa kuwa watu walilipiga viwiko miaka mingi, lilikuwa limeshaungwa upya. Gundi bado ilikuwa mbichi.

"Uliingia kwa ufunguo wako wa zamani."

"Nilidhani hautaingia. Nilikwenda kujaribu tu, kusudi nikirudi nijiambie nilijaribu. Ukageuka kama jana." Alitabasamu kidogo. "Nilisikia redioni anataka kuuchoma. Nikasema mara ya kwanza nilikaa nikatazama. Mara hii sitazami. Kisichokuwepo mezani hakichomeki."

"Ana haraka ya kumaliza, Mama. Jumatatu anapasuliwa moyo."

"Nilisikia na hilo." Alikaa kwenye kigoda, akalinyoosha goti lake kwa mikono miwili. "Afande, huyo mtu amemuua mama yangu na watu wakanunua. Wanakuja hapa wateja, wananisimulia walivyolia. Mimi nawaambia eh, pole. Ile nyumba ya ushanga wa njano ndiyo imebaki. Asiponiachia hiyo, ameniachia nini? Haya, nifunge twende."

Kijiko hakutoa pingu. Alikuwa akilitazama lile goti.

"Hilo goti liliumia lini?"

"Zamani. Nilianguka kwenye ngazi nikibandika bango la kitabu chake cha kwanza. Limeniharibikia tangu hapo, kupanda sijambo, kushuka ndiyo kazi. Kwa nini?"

"Kwa sababu asubuhi, kabla sijajua lolote, Mzee aliniambia nikimpata mwizi nisimkimbize kwenye ngazi."

Fundi aliliachia goti.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Na dadu ulizozilaza amekataza zisiguswe. Anazipapasa moja moja. Anasoma vidoto kwa kidole, Mama. Alimjua mwizi tangu Jumanne mchana. Na kitasa bintiye amemsihi miaka na miaka akibadilishe, hataki."

Nje, mpiga cherehani wa jirani alikuwa akigombana na mteja kuhusu pindo.

"Kama alijua," Fundi alisema mwishowe, "kwa nini amewaita polisi?"

"Twende tukamwulize," Kijiko alisema. "Mji nitaubeba mimi."

Waliufunga kwa lile shuka. Ngazi walizipanda taratibu, Kijiko mbele na Mji wa Taa mikononi, Fundi nyuma yake akishika ukuta. Juu, binti alikuwa ameketi mbele ya kompyuta bila kuandika kitu. Mzee aliinua kichwa kabla hawajafika mlangoni. Alikuwa akisikiliza mwendo: mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi.

Kijiko aliutia ubao kwenye shimo lake. Uliingia kwa mlio mdogo wa mbao kukutana. Mzee alinyoosha mkono, akapita milimani, akafika bandarini, akasimama kwenye gati.

"Limeungwa," alisema.

"Lilikuwa linatia aibu," Fundi alijibu kutoka mlangoni. "Mnaishi hapa kama watu wasio na mwenyewe."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mgeni, akaitazama picha ukutani, na akaziba mdomo.

"Mzee," Kijiko alisema, "ulikuwa unamjua mwizi. Ungemtuma daktari wa meno akamwite. Ungempigia simu. Umelisumbua jeshi zima la polisi kwa nini?"

"Ningemwambia nini, Afande? Nikimtafuta, ni mimi ninayeomba. Na niliogopa kuomba, maana yeye aliomba nikamnyima." Mzee aliugeuza uso kule ilikotoka ile sauti. "Kuripoti wizi ni haki yangu. Hapo hakuna aibu."

"Una kichwa kigumu," Fundi alisema.

"Kaa. Kiti chako hakijakaliwa na mtu."

Fundi alikaa. Juu ya kiti palikuwa na aproni iliyokunjwa, madoa ya rangi yamekauka kitambo mpaka yakawa kama magamba. Aliiweka mapajani akaishika kwa mikono yote miwili. Alilia kidogo, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Mji wangu hauungui," alisema alipopata sauti.

"Moto umeshafika bandarini. Uko kwenye sura iliyopita, imeandikwa. Mchezaji akipinga, dadu inaamua. Sheria unaijua."

"Naijua. Ilinifukuza hapa."

"Basi pinga."

Binti aliweka vidole juu ya kompyuta, mgongo kwao, akingoja. Fundi aliinua dadu moja kutoka kwenye safu.

"Ngapi?"

"Nne na kuendelea, mji unabaki," Mzee alisema. "Chini ya hapo, unakwenda wote."

Fundi alirusha. Dadu ilivuka msitu wa sifongo, ikagonga mnara, ikateremka ngazi za kokoto na kusimama gatini, kwenye gundi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. Kijiko aliiona kutoka pale aliposimama. Fundi aliiona pia. Ilikuwa mbili.

Kidole cha Mzee kilikuja kikiifuata kwa njia ile ile. Kiliifikia. Kikatua juu yake, kikagusa kidoto cha kwanza, kikagusa cha pili, kikatafuta kingine kisichokuwepo. Kilikaa hapo kwa muda mrefu. Mtu yule alikuwa amezamisha mke wake na kuzika nusu ya marafiki zake kwa neno la kipande cha mfupa, na wasomaji wake wote, Kijiko akiwa mmojawao, walimpenda kwa hilo.

"Sita," Mzee alisema.

Fundi aliikaza ile aproni mikononi.

"Afande, wewe una macho," Mzee akaendelea, na sauti yake ilikuwa kavu kidogo. "Umeona ngapi?"

Inspekta Kijiko alikuwa amesimama mahakamani mara nyingi akaapa kusema alichokiona, na hakuwahi kuongeza wala kupunguza.

"Sita, Mzee," alisema.

"Andika, binti yangu. Moto ulifika mpaka kwenye nyumba ya Mlinzi wa Taa, ukakuta mlango uko wazi na taa inawaka, ukarudi nyuma."

Vidole vya binti vilianza kugonga. Mzee aliipapasa tena ile dadu iliyokuwa gatini, akaigeuza polepole mpaka akakipata kidoto kimoja peke yake, akailaza moja juu.